Bao Zuri Linajulikana kwa Mashimo

Ukiletewa bao ulinunue, usianze na nakshi. Ingiza kidole gumba shimoni, kizungushe toka chini hadi ukingoni. Kisipokwama, fundi amekaa na kazi yake. Kikikutana na nyuzi za mti zilizoinuka, muda wake aliumalizia kwenye maua ya pembeni.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kete 64. Shimo la 32 linatakiwa lilingane na la kwanza, na hapo ndipo mikono mingi huchoka. Liwe na kina cha kubeba kete nyingi, lakini ubavu wake ulale ili mchezaji azoe zote kwa mkupuo mmoja. Shimo lililosimama kama kinu humbakizia kete moja chini, na kete moja inatosha kuharibu hesabu ya mchezo. Jaribu mwenyewe: tia kete 12, zoa, tazama kilichobaki.

Nyumba, shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji, kwa desturi huchongwa mraba. Pambo hilo lina kazi: jicho linaiona nyumba kabla mkono haujafika. Fundi akitumia nusu siku hapo, namuunga mkono.

Wanaocheza Game Dev Tycoon, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 2012, wanaijua hesabu hii ya kugawa muda. Humo unaendesha studio ya michezo, na katika kila hatua unagawa muda kwa sehemu tatu. Ukiongeza huku, kule kunapungua. Ukirundika vikorombwezo, gharama hupanda. Ukiuza kabla ya kuondoa dosari, wahakiki hawakusamehe. Mchezo wa visa hudai hadithi. Bao hudai mashimo.

Kuna muda mwingine ambao mnunuzi haoni: wa kukausha mti. Fundi mwenye haraka huuiba huo kwanza. Mninga nauamini kwa sababu haunywei sana ukikauka. Mwembe huchongeka kwa urahisi, ila ukiwa mbichi hupinda na kupasuka. Laza bao kwenye sakafu tambarare, bonyeza pembe moja baada ya nyingine. Likiyumba, lirudishe.

Kujua cha kuacha si jambo geni kwetu. Kisarawe ni kwa Wazaramo, na Wazaramo ndio waliochonga mwana hiti, sanamu ya mwali: kiwiliwili, kichwa na nywele, bila mikono wala miguu. Kila nikimtazama nastaajabia aliyejua cha kuacha. Uchongaji wenye akili hiyo haukosi lolote.

Basi kijana wa Kibaha au Kisarawe unayeanza kushika tezo, maliza mashimo yote 32 na msasa wake, uwape wazee bao walichezee barazani siku nzima. Wakilikubali, ndipo uchukue patasi ya maua.