Winchi, Korongo na Tani Moja: Uhakiki wa Istilahi za Kuinulia Vitu Vizito

Istilahi hupimwa mahali inapofanyiwa kazi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache za chombo kimoja cha karakana, yaani winchi ndogo ya magurudumu, ambayo fundi huweza kujiundia kwa mabomba ya chuma na jeki ya mafuta ili ainulie injini, fuawe kubwa au mashine ya kukereza vyuma. Mfano wetu ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Mji huo umepitiwa na barabara kuu ya Arusha na Dodoma, na umezungukwa na mashamba. Malori na matrekta yanahitaji matengenezo, na karakana ndogo isiyo na mtambo wa kudumu haina budi kujitafutia njia ya kuinua.

Tuanze na jina. Mtafsiri anayefuata kamusi ya Kiingereza huweza kuvutwa na neno korongo, kwa kuwa Waingereza na Wafaransa huuita mtambo huu kwa jina la ndege huyo mwenye shingo ndefu. Lakini kwetu korongo tayari ni ndege, na tena ni bonde lililochimbwa na maji. Mwananchi wa Babati akiambiwa aiweke mashine chini ya korongo, atakuwa na haki ya kuuliza kama anatakiwa kuizika.

Neno winchi lilitoka katika kazi za meli na bandari. Asili yake ni chombo cha kuzungushia kamba, ambacho mabaharia wa pwani walikiita duara, kisha maana yake ikapanuka hadi mtambo wenye mkono wa kuinulia. Upanuzi huo si kosa, bali unahitaji kufafanuliwa. Tunaona inafaa kusema winchi ya kuinulia na winchi ya kuvutia, huku kapi na jeki zikibaki na maana zake.

Jambo zito zaidi ni vipimo. Katika maelezo ya vyombo vya namna hii huweza kuandikwa: "Uzito wa winchi: tani 1." Je, hiyo ni tani ya chombo chenyewe, au ya mzigo kinaoweza kuinua? Hapo sarufi haina kosa, lakini injini inaweza kumwangukia mtu.

Hata tukiandika "uwezo: tani 1", bado hatujasema la kutosha. Mkono wa winchi ni wenzo. Jeki husukuma karibu na egemeo, mzigo huning'inia mbali. Kwa hiyo jeki ya tani 8 haifanyi winchi ya tani 8. Ikiwa jeki inaweza kuinua kilo 1000 kulabu ikiwa mita 1 kutoka kwenye egemeo, mkono ukivutwa hadi mita 2 itaweza takriban kilo 500 tu. Tena kulabu ikipita mbele ya ncha za miguu, winchi yenyewe huweza kupinduka.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi mbili ziandikwe pamoja daima: mzigo salama na umbali wa kulabu. Hatupendekezi "urefu wa mkono", kwa sababu mkono ukiinuka urefu wake haubadiliki, bali umbali wa kulabu kwa usawa wa ardhi hubadilika. Mzigo salama nao usichukuliwe kutoka katika maandishi ya jeki. Uamuliwe na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, iwe pini, mnyororo au mahali palipochomelewa. Kisha kila tundu la mkono liandikiwe kiasi chake.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mtumishi anayetafsiri maonyo ya kazi, na mwalimu anayefundisha ufundi, wote wana sehemu yao katika kuifanya ieleweke karakanani. Lugha ya taifa haitoshelezi sayansi kwa wingi wa maneno mapya pekee. Huitosheleza pale fundi anaposoma maandishi mafupi akajua asimame wapi. Tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa ufundi, wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.