Tarakimu Sita za Kifua

"Vuta pumzi. Bana hapo hapo. Haya, pumua."

Aliyewahi kupigwa picha ya kifua anayajua maneno hayo. Mteknolojia wa mionzi huyasema tangu asubuhi hadi jioni, na mgonjwa huyatii bila kujua kwamba amekabidhiwa sehemu kubwa ya kazi. Mionzi hupenya hewa kwa urahisi, kwa hiyo pafu lililojaa hewa hutoka jeusi pichani. Mfupa, damu na maji huizuia na kuacha weupe. Pumzi ikivutwa nusu, pafu hujikunja, mishipa yake husongamana, na pafu zima hupauka kana kwamba limeugua.

Ndiyo maana msomaji mzuri wa picha haanzi kwa kutafuta ugonjwa. Huanza kwa kuikagua picha yenyewe. Huhesabu mbavu za nyuma zinazoonekana juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Zikifika tisa au kumi, pumzi ilivutwa sawasawa. Hutazama mitulinga, ncha zake zikiachana na uti wa mgongo kwa umbali mmoja kulia na kushoto, mgonjwa hakugeuka upande. Huangalia kama picha ilipigwa mgonjwa akiwa amesimama au amelala, maana aliyelala, akapigwa kwa mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Hapo ndipo jicho hupewa ruhusa ya kuingia ndani ya pafu.

Nauheshimu ufundi huu kwa sababu ya subira hiyo. Mtu anayetakiwa aseme nani yuko hatarini huanza kwa kujiuliza kama alichoshika mkononi kinaaminika.

Machi 2020 subira hiyo ilipimwa vikali katika mji wa Brescia, mkoa wa Lombardia, kaskazini mwa Italia. Virusi vya korona vilikuwa vimeshika eneo hilo, na hospitali kuu ya mji, Spedali Civili, ilijaa watu wenye homa ya mapafu. Kumpeleka kila mmoja kwenye CT scan, tena na tena, hakukuwezekana: wengi walikuwa kwenye oksijeni, na kila aliyetoka kwenye chumba cha mashine aliacha nyuma chumba cha kusafishwa upya. Eksirei ya magurudumu ndiyo iliyosukumwa hadi kitandani.

Picha zikawa nyingi, na maneno yakaanza kupungukiwa. Majibu ya eksirei kwa kawaida huandikwa kwa sentensi: weupe umeongezeka kidogo, mapafu yote mawili yameathirika. Kidogo kiasi gani? Kuliko jana, au kuliko juzi? Daktari wa wodi mwenye wagonjwa wengi na vitanda vichache vya wagonjwa mahututi hawezi kupanga kazi yake kwa neno "kidogo". Madaktari bingwa wa radiolojia Andrea Borghesi na Roberto Maroldi wakatengeneza kipimo cha alama, wakakiita Brixia, jina la kale la Kilatini la mji wao.

Kipimo chenyewe ni chepesi kueleza. Kifua hukatwa kwa mistari miwili ya mlalo. Mmoja hupita chini kidogo ya upinde wa aota, ule mshipa mkuu utokao moyoni. Wa pili hupita chini ya mshipa unaorudisha damu kutoka sehemu ya chini ya pafu la kulia. Kila pafu hupata kanda tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na mapafu mawili hufanya sita. Kila ukanda hupewa alama 0 hadi 3. Ukanda safi ni 0, na picha mbaya kuliko zote ni 18.

Ugumu wote umejificha kati ya 1 na 3, na hapo ndipo fundi hujulikana. Virusi vikianza kuliwasha pafu, mara nyingi kinachovimba kwanza ni kuta nyembamba zinazotenganisha vifuko vya hewa. Pichani hutokea wavu wa nyuzi laini, au ukungu mwepesi kama pumzi kwenye kioo. Hiyo ni 1. Ugonjwa ukizidi, vifuko vyenyewe hujaa majimaji na seli za uvimbe, na weupe mzito huingia katikati ya ukungu. Ukungu ukiwa bado ndio mwingi, ni 2. Weupe mzito ukitawala, ni 3. Swali linalomwongoza msomaji ni moja: je, mishipa bado inaonekana? Ukungu huifunika mishipa kama shela jepesi, nayo huonekana kwa ndani. Vifuko vikishajaa, mishipa humezwa, na pengine hubaki tu vijia vyeusi vya hewa vikipita ndani ya weupe kama mapito shambani.

Tuchukue picha moja ya mfano. Kanda za juu, kulia na kushoto, ni safi: 0 na 0. Kulia katikati kuna nyuzi chache: 1. Kulia chini weupe umeficha hata ukingo wa kiwambo: 3. Kushoto, katikati na chini, ukungu umechanganyika na mabaka mazito lakini mishipa ingali inafuatika: 2 na 2. Jumla ni 8. Msomaji huandika 8, kisha kwenye mabano huzitaja kanda moja moja, pafu la kulia kwanza, kutoka juu kwenda chini: 0 1 3 0 2 2. Mstari mmoja mfupi umebeba ukubwa wa ugonjwa na mahali ulipo. Daktari wa wodi anaweza kuusoma akiwa anatembea, na msomaji wa zamu ya kesho anaweza kuupima na wake.

Alama isiyokubaliwa na macho mawili haina thamani. Kwa hiyo waanzilishi hao walianza na wagonjwa 100, wakawapa wasomaji wawili picha zile zile, na majibu yao yakaafikiana kwa kiwango cha juu. Waliofariki walikuwa na alama kubwa zaidi, kwa tofauti iliyo wazi, kuliko walioruhusiwa kwenda nyumbani. Baadaye wakafuatilia wagonjwa 302, wakichukua alama ya juu kabisa ambayo kila mmoja aliifikia akiwa hospitalini. Mambo matatu yakasimama kama dalili za hatari ya kifo: alama ya picha, umri, na hali zinazodhoofisha kinga ya mwili.

Mambo hayo matatu kwa pamoja ndiyo yanayoupa ufundi huu heshima yake. Picha haikudai kuwa inajua kila kitu. Watu wawili wenye 10 sawasawa, mmoja kijana na mwingine mzee aliyepungukiwa kinga, hawako mahali pamoja, na wenye kipimo ndio wa kwanza kutuambia hivyo. Mpiga ramli husema litakalokuwa. Msomaji wa picha husema hatari imefika wapi, kisha humwachia daktari wa wodi ayaongeze anayoyajua.

Siku nayo ina uzito wake. Huko Wuhan, China, watafiti waliwapiga CT scan mara kwa mara wagonjwa 21 ambao baadaye walipona. Mashine hiyo hulionyesha pafu vipande vipande, kwa hiyo wao walihesabu kwa sehemu tano za asili za mapafu, tatu kulia na mbili kushoto, kila moja alama 0 hadi 5, jumla 25. Waliona ugonjwa ukipanda hadi kilele kwenye siku ya 10 hivi tangu dalili zianze, kisha ukishuka. Picha ya siku ya pili inaweza kuwa nyepesi, na bado mgonjwa akawa ndiyo kwanza anaanza kupanda mlima.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia walichapisha programu ya kompyuta inayotoa alama za Brixia yenyewe. Ilifunzwa kwa karibu picha 5,000, zilizopewa alama na madaktari wa radiolojia katika zamu zao za kawaida wakati wodi zimefurika. Mashine ilipata cha kujifunza kwa sababu watu wale, katikati ya uchovu ule, waliendelea kuitofautisha 1 na 2 kwa uaminifu.

Na kwetu Afrika Mashariki kipimo cha namna hii kina maana ya karibu, kwa kuwa hospitali nyingi zenye eksirei hazina CT scan. Hakidai mashine mpya. Kinadai eksirei iliyopigwa vizuri, jicho lililofunzwa na kalamu.

Turudi kwa mgonjwa wetu wa mfano. Picha zake zimepangwa kwa tarehe, na alama zake ni 8, 13, 15, 12, 7. Katika ile ya 15 mbavu zilizohesabika zilikuwa saba tu, kwa sababu alipoambiwa avute pumzi na kubana, hakuweza. Leo picha mpya imefika. Msomaji hakimbilii kwenye weupe. Anaanza pale anapoanza siku zote, juu ya kiwambo, akihesabu. Saba. Nane. Tisa. Kumi.