Kisogo Changu na Bakuli la Hina

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Nilitupiwa methali hiyo na shoga yangu usiku wa kuamkia harusi ya jirani, alipopita kwangu akanikuta nimekaa mkekani, kanga kuukuu mabegani, bakuli la hina mbele yangu, na vidole vimeshika rangi ya kutu mpaka kwenye kucha. Yeye alikuwa anatoka saluni, alikokaa foleni tangu Alasiri. Nywele zake zilimeremeta rangi ya zabibu. Akanitazama kama mtu anavyomtazama anayetwanga mpunga kwenye kinu ilhali mashine iko mtaa wa pili. "Shoga, kwani wasusi wamekwisha Unguja?"

Sikumjibu, maana hina ilikuwa inaanza kukauka. Namjibu leo.

Kwanza nitoe haki ya saluni. Anayetaka nywele nyeusi ziwe za dhahabu hana budi kuitoa rangi ya asili kwanza, na hiyo ni kazi ya blichi, dawa inayofumua magamba ya unywele na kuivunja rangi iliyomo ndani. Ikizidishwa dakika, unywele hukatika kama uzi uliooza. Kazi hiyo ina mafundi wake, na mimi siwaingilii. Ninachokisifu ni ufundi mwingine, usiotoa kitu bali unaoongeza: kupaka hina kichwani, nyumbani, kwa mkono wako.

Niliupata kwa bibi yangu, mtaani Ng'ambo, katika nyumba iliyokuwa na mhina uani. Ukiupita mti ule bila kuuangalia utadhani ni kichaka cha ua tu: majani madogo, vijiti vyembamba, na vishada vya maua ambavyo harufu yake ilitufikia mpaka ukumbini. Bibi akichuma majani, akiyaanika kivulini, kisha akiyatwanga na kuyachekecha kwa kipande cha mtandio mpaka unga uwe laini kama poda. Siku hizi mimi nanunua sokoni Darajani, lakini vipimo ni vyake. Unga ukiwa wa kijani na unanukia majani makavu, uko hai. Ukiwa wa kahawia, umezeekea dukani. Uweke chini uende zako. Na ukiambiwa hii ni "hina nyeusi", uliza kimetiwa nini, kwa sababu mhina haujapata kuzaa weusi.

Kuchanganya ni kazi ya asubuhi. Gramu 100 zanitosha mimi mwenye nywele fupi. Natumia bakuli la udongo na mwiko wa mti. Namimina chai ya rangi iliyopoa, nakamulia ndimu, nakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa, kisha nafunika na kuendelea na shughuli zangu. Ndani ya jani la mhina mna rangi iitwayo lawsoni. Ukali kidogo wa ndimu huitoa taratibu, nayo ikishatoka hung'ang'ania ile protini inayounda kucha na nywele. Bibi hakulijua neno lawsoni. Yeye akichovya kidole, akigusa kiganja, akisubiri kidogo, akifuta. Pakibaki doa la rangi ya chungwa, akisema, "Imeiva." Nimesoma maelezo ya wataalamu, na bado sijaona kipimo kinachokishinda kiganja chake.

Tukishasali Isha, kazi huanza. Nywele ziwe zimeoshwa na hazina mafuta. Mafuta ya nazi hupakwa pembezoni tu, kwenye paji na nyuma ya masikio, ili ngozi isishike rangi. Kichwa hugawanywa mafungu manne, kila fungu likapasuliwa njia nyembamba kama za anayetaka kusuka twende kilioni, na hina ikatiwa kuanzia kwenye shina. Hapo ndipo mikono inapojua mambo ambayo kioo hakijui. Mimi nalijua kovu la utosini nililolipata nilipoanguka mwembeni nikiwa na miaka tisa. Napajua pale juu ya sikio ambapo nywele zimepungua kwa miaka ya kusukwa zikivutwa mno. Naijua sehemu ya kulia ya paji ilipoota mvi yangu ya kwanza, na zilipofuata nyingine. Msusi anazijua nywele, tena za wengi. Kichwa changu nakijua mimi. Ndivyo nilivyokuwa nikijisifu, na nitarudi hapo.

Baada ya kupaka ni kungoja. Kichwa hufungwa nailoni, juu yake kitambaa, mtu akalala hivyo mpaka karibu na Alfajiri. Hakuna wa kukuharakisha, wala mteja wa pili anayekohoa mlangoni. Ukiosha, usishtuke: rangi itakuwa kali kama chungwa bivu. Ipe siku mbili. Hewa itaipikapika mpaka ikolee, iwe wekundu wa kahawia uliotulia. Bibi akitukataza kutoa hukumu siku ya kwanza. Baadaye niligundua kwamba katazo lile halikuwa la hina peke yake.

Lakini kujipaka nyumbani si kila mara hekima. Mvi ziliponizidi nilipata woga, nikaiacha hina. Nikanunua kipakiti cha unga mweusi, nikaukoroga kwa maji, na kwa nusu saa nikawa msichana. Siku ya tatu paji lilivimba, macho yakafumba, masikio yakatoka maji. Hospitalini muuguzi aliuliza neno moja tu: "Umepaka nini?" Rangi nyingi za weusi wa kudumu, pamoja na piko ambayo baadhi ya maharusi wetu huchorwa mikononi, zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, iliyoelezwa na mkemia Mjerumani August Wilhelm von Hofmann mwaka 1863. Wengi huivumilia. Mwili ukishaikataa, huikataa daima, na mara nyingi kwa hasira zaidi. Nyumbani niliokota kile kipakiti jalalani. Maandishi madogo yalikuwa yameeleza kila kitu: paka tone nyuma ya sikio, ngoja saa 48, uone. Sikuyasoma. Saluni ningekuwa na wa kumlaumu. Nyumbani nilikuwa na kioo tu. Hiyo ndiyo ada ya ufundi huu: anayejipaka ndiye fundi, ndiye mteja, na ndiye mlalamikiwa.

Na tusidhani hofu ya kudhurika na rangi ni yetu peke yetu. Eugène Schueller, mkemia wa Paris aliyezichanganya rangi zake za kwanza nyumbani kwake na kuwauzia wasusi wa mji ule, alipofungua kampuni mwaka 1909 aliipa jina lenye maana ya Kampuni ya Ufaransa ya Rangi za Nywele Zisizo na Madhara. Leo inajulikana kama L'Oréal. Mtu hatii neno "zisizo na madhara" kwenye kibao chake kama wateja hawaogopi madhara. Na shoga yangu akumbuke kwamba hata rangi ya saluni ilianzia kwenye bakuli la mtu nyumbani kwake.

Nilirudi kwenye hina kwa adabu, na safari hii niliitazama upya. Hina ikikuta unywele mweusi haiugeuzi. Huuachia mng'ao tu, unaoonekana ukipita juani. Ikikuta mvi, huko ndiko inakowaka. Kwa hiyo hina haizifichi mvi. Huzivisha. Kila uzi uliotangulia kuzeeka ndio unaotangulia kupendeza, na anayekuangalia anajua hesabu yako kamili. Watazameni wazee wetu wa barazani wenye ndevu za rangi ya machungwa: nani amewahi kudanganyika kwamba ni vijana? Katika hadithi za Mtume tunasimuliwa kwamba siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, kichwa na ndevu vimekuwa vyeupe pe, ikaamriwa weupe ule ubadilishwe kwa kitu, na weusi uepukwe. Maulamaa wana maneno marefu juu ya hukumu ya weusi, nami si mwanachuoni. Mimi nachukua fundisho la mpakaji tu: uzee unaweza kupambwa bila kukanushwa. Anayeona rangi ya chungwa imezidi atie nili baada ya hina, iliyokorogwa kwa maji matupu na kupakwa papo hapo, naye atapata kahawia nzito au weusi. Mimi nimeridhika na moto wangu.

Ninalo la mwisho kwa shoga yangu. Methali yake ni ya kweli, na mahali inaponipata ni kisogoni. Mkono hufika, lakini jicho halifiki. Bibi naye alishindwa hapo. Nilipokuwa na miaka saba akinikalisha nyuma yake kwenye kigoda, akiinamisha shingo, akinipa bakuli. Wazee husema akupaye kisogo si mwenzio. Bibi alinipa kisogo chake kila mwezi, na sijapata kuaminiwa na mtu zaidi ya hapo. Shingo ile ilikuwa na mikunjo mitatu. Ningeweza kuichora mpaka leo.

Usiku ule wa kuamkia harusi, shoga yangu alipoondoka, nilimwita binti yangu. Alikuja akiwa na simu mkononi, akaiweka, akavaa glavu, akapasua njia ya kwanza. Kisha akanyamaza. Nikamuuliza kuna nini.

"Mama, huku nyuma mvi ni nyingi kuliko mbele. Ulikuwa unajua?"

Miaka yote nilijisifu kwamba kichwa changu nakijua mimi. Nikainamisha shingo zaidi.

"Sikuwa najua," nikamwambia. "Paka, mwanangu. Uanzie kwenye shina."