Jicho la Mchoraji na Miguu ya Transista

Msomaji, chukua sinia na birika, uviweke juu ya meza, kisha uvichore. Sinia yamkini utalichora kama duara, kana kwamba umesimama juu yake na kuinama. Birika utalichora kwa ubavu, ili mdomo wake na mkono wake vionekane. Hapana atakayekulaumu, maana kila chombo umekionyesha kwa upande unaokitambulisha upesi. Lakini sasa igeuze karatasi yako nusu ya duara. Sinia halikudhurika. Birika, ole wake, limesimama kwa kichwa na chai yote imemwagika. Mtu atakaye mdomo wa birika uelekee upande wa pili halipindui hivyo. Hulizungusha juu ya kitako chake, na akiisha kulizungusha hana budi kulichora upya, kwa kuwa jicho sasa laona upande mwingine.

Nayasema haya kwa ajili ya programu ya kompyuta iitwayo Fritzing, ambayo baadhi yenu mtakutana nayo mnapojifunza umeme. Ilianzishwa mwaka 2007 katika chuo kikuu cha sayansi tumizi cha Potsdam, mji ulio karibu na Berlin, nchini Ujerumani. Kazi yake ni kumwezesha mtu kuchora saketi kabla ya kuijenga, au kuweka kumbukumbu ya aliyoijenga ili mwenziwe aifuate. Ina madirisha matatu makuu. La kwanza laonyesha vifaa kama vionekanavyo machoni, vimechomekwa katika bredibodi. La pili laonyesha mchoro wa alama, ule wa vitabu vya fizikia. La tatu laonyesha ubao wa shaba utakaotengenezwa kiwandani. Kila kifaa kina picha yake katika kila dirisha, na kilichounganishwa katika moja hukumbukwa katika mengine. Ni wazo zuri sana, na mimi mwenyewe nimefundishia programu hii miaka kadhaa; nisingeijadili kama ningeidharau.

Kwa yule ambaye hajaiona bredibodi, ni kibao cha plastiki chenye matundu yaliyoachana milimita 2.54. Matundu matano matano yameunganishwa kwa chini na kipande cha chuma, na katikati ya kibao umepita mfereji unaotenga upande huu na ule. Hapana lehemu wala moto: mguu wa kifaa hutiwa tunduni, na ukikosea hung'olewa.

Litazame basi lile dirisha la kwanza kwa makini, nawe utagundua kuwa mchoraji wake ana macho mawili. Kwa jicho moja anatazama kutoka juu: ndivyo alivyoichora bredibodi yenyewe, na ndivyo alivyozichora chipu zenye miguu pande mbili. Kwa jicho la pili anatazama kutoka mbele: ndivyo alivyoichora ledi, ile taa ndogo ya rangi, na ndivyo alivyoichora transista. Sinia na birika vimewekwa pamoja katika picha moja. Sisemi kuwa ni uzembe. Ledi ikichorwa kwa juu ni kidoa cha rangi tu. Kwa mbele yaonekana miguu yake, na mchoraji, kwa hekima, ameukunja kidogo mguu wa chanya ili usichanganywe na wa hasi. Nampa heshima yake kwa hilo.

Taabu huanza pale unapotaka kukigeuza kifaa. Programu hukigeuza robo ya duara au nusu ya duara, lakini inachogeuza ni karatasi. Chipu iliyochorwa kwa juu haipotezi kitu: ukiigeuza nusu ya duara, ile alama ya kichwa chake huhamia upande wa pili, na maandishi yake husimama kichwa chini, sawasawa na yatakavyokuwa mezani. Picha na kitu vimegeuka pamoja. Transista iliyochorwa kwa mbele haiko hivyo.

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kazi ya kujenga kiashirio cha tangi la maji: betri nne za volti 1.5, ledi moja, rezista ya omu 330, transista aina ya BC547, na nyaya mbili za kutumbukizwa majini. Maji yakizifikia nyaya, mkondo mdogo huingia katika mguu wa kati wa transista, na ledi huwaka. Kundi moja lilichora saketi yake vizuri katika Fritzing, kisha, ili nyaya zisipitane, likaigeuza transista nusu ya duara. Katika kompyuta muungano ulikuwa sahihi kabisa. Walipoijenga, ledi haikuwaka. Wakabadilisha betri. Wakabadilisha ledi. Mwishowe wakaamua kwamba transista imekufa, wakaitupa, wakanunua nyingine kwa fedha yao, na hiyo nayo ikatupwa. Nilipofika mezani pao walikuwa wakiishika ya tatu, na kijana mmoja alikuwa amekwisha kuamini kwamba mikono yake haikuumbiwa kazi hii.

Transista zote tatu zilikuwa nzima. BC547 ina uso mmoja bapa, na ukiutazama uso huo huku miguu ikielekea chini, miguu kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. Picha ilipogeuzwa nusu ya duara, emita ilihamia kushoto na kolekta kulia. Ili miguu ipangike hivyo katika bredibodi halisi, transista haina budi kumpa mjenzi kisogo, uso bapa ukielekea mbali naye. Lakini picha bado ilionyesha uso bapa, ila miguu ilikuwa juu na kichwa chini. Wanafunzi waliufuata uso walioonyeshwa, wakaibadilisha kolekta na emita bila kujua. Transista iliyofungwa hivyo haifi. Hubakia na uwezo mdogo mno wa kukuza mkondo, nayo ledi haipati cha kuiwasha.

Ningependa programu hii iwe na mizunguko miwili: mmoja wa karatasi, kwa vifaa vilivyochorwa kwa juu, na mwingine wa kitu kusimama juu ya miguu yake, ambao ungeleta picha ya kisogo pale kisogo kinapohitajika. Tena ningependa mtumiaji aweze kuchagua kuiona transista kwa juu. Ukiitazama hivyo ina umbo la herufi D, na D haidanganyi ikigeuzwa. Najua jibu la watengenezaji: kila uso mpya ni picha mpya ya kuchorwa, na vifaa ni vingi. Ni kweli. Hata hivyo msimbo wa Fritzing uko wazi, ndani yake mna kihariri cha vifaa, na ajuaye kuchora kwa programu kama Inkscape aweza kumsaidia mwenziwe.

Kuhusu kupindua, yaani kukifanya kifaa kiwe kama kivuli chake kiooni, sina shauri ila kwamba kusiruhusiwe kwa chipu. Chipu ya namna hiyo hutaiona katika duka lolote. Robo ya duara nayo yahitaji onyo. Chukua chipu ya 555 yenye miguu minane, iliyoanza kuuzwa mwaka 1972. Imekusudiwa kukaa juu ya mfereji, miguu minne huku na minne kule. Igeuze robo ya duara, na miguu minne ya upande mmoja itaangukia katika matundu matano ya kipande kimoja cha chuma, yote imeshikamana. Mwanafunzi huona chipu imekaa vizuri tu.

Tangu siku ile ya tangi, kila kundi darasani kwangu hukata vipande vya karatasi vyenye umbo la D, huviandika herufi tatu za miguu, na kuvigeuza mezani kando ya kompyuta kabla ya mtu yeyote kushika bredibodi. Yule kijana ndiye mwenye mkasi.