Mzigo na Njia

Wapo wahakiki wetu wa visiwani ambao, wakikuta kina cha -ra kimeangukia mahali pa -la katika shairi la mtu wa bara, huliweka shairi zima kando. Hukumu hiyo naiona nyepesi.

Tuitazame Tura, mashariki ya Tabora, mlango wa Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani. Richard Burton alipita hapo mwaka 1857, na katika kitabu chake cha mwaka 1860, The Lake Regions of Central Africa, akalifasiri jina hilo kuwa ni amri: weka chini, yaani mzigo. Akataja pia matamshi ya Tula. Sababu aliyoitoa ni kwamba msafiri, atoke mashariki au magharibi, hapo hakosi kukawia siku kadhaa. Kitenzi hicho nasi tunacho: tua. Kiswahili kimeiangusha ile l, Wanyamwezi wameibakiza. Basi nani aliyemharibia mwenziwe neno?

Mtoto wa Tura akikutana na Kiingereza darasani, huambiwa kuwa load ni mzigo na road ni njia. Katika Kinyamwezi r na l hazitenganishi maneno, hivyo mzigo na njia humtoka kwa sauti moja, na darasa likacheka. Kosa lipo, silikatai. Mwingereza hupotea hapo kama tunavyopotea sisi baina ya mahari na mahali. Lakini mtoto wa Unguja, ambaye load na road hazimshindi, naye hujikwaa penye irabu. Ship ni meli, sheep ni kondoo. Kwa irabu zetu tano, kondoo hutia nanga bandarini Malindi na meli hulishwa majani. Kinyamwezi kina irabu saba, na mbili kati yake ni za jamii ya i. Sikio la kutenganisha meli na kondoo mtoto wa Tura amelelewa nalo. Tahajia yetu ya irabu tano ndiyo inayomfunza kulisahau.

Jambo hili humgusa mfasiri kuliko hata mwalimu. Tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, hufunguka mtaani, na fundi viatu mmoja akawazungusha wakubwa kwa maneno mawili ya sauti moja: sole, soli ya kiatu, na soul, roho. Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha huko, aliifasiri tamthilia hiyo mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kiswahili hakina neno moja lililobeba soli na roho pamoja. Mfasiri akishika maana, kicheko kimekufa. Akishika kicheko, hana budi kutafuta jozi nyingine kabisa. Mimi hushika kicheko, kwani fundi yule asipochekesha, hasira ya wakubwa haina sababu.

Na jozi tunazo. Mshairi wa bara aliyeandika kura pale mhakiki alipongoja kula, huenda alijua vyema alitendalo.