Ziwa iko hapa, samaki inatoka Namibia

Mwezi uliopita watu watatu wa promosheni yetu walinitumia picha ya gari moja lile lile: ka-Hiace kazee ka njano, ubavu umekatwa na kufunguliwa kama dirisha la duka, na nyuma yake maji ya Ziwa Nzilo, jua linashuka. Chini ya picha: "Kolwezi nayo iko na plage!" Siku ya Mungu nikapanda moto, nikaenda kuonja. Jina la gari sitataja, maana yale nitakayosema hayamhusu mwenye gari peke yake.

Nianze na mazuri, maana ni mengi. Bukari ilikuwa ya mahindi tupu, nyeupe, imesongwa na mtu anayejua kazi: unaikata kwa vidole na haishikamani. Lengalenga ilipikwa na unga wa karanga, haikuzama ndani ya mafuta kama wanavyotufanyia mjini. Michopo ya mbuzi ilifika katika karatasi, moto kabisa, kitunguu na chumvi pembeni, na pilipili ya kusaga yenye ndimu ambayo ilinifanya nitafute maji mbio. Viti ni vya plastiki, vimezama kidogo katika mchanga. Muziki ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Mama mpishi alikuwa anasoma midomo ya wateja ili ajue wanataka nini. Bei, dola 8 kwa sahani ya bukari, samaki na mboga. Mjini kwa mama wa barabarani ningelipa franka 5,000. Lakini mjini hakuna ziwa, na mtu anayeenda kukaa mbele ya maji anajua kwamba analipa maji pia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni samaki.

Niliagiza nikiwa naangalia ziwa. Kilichofika ni Thomson. Mzima, amechanjwa ubavuni, amekaangwa mpaka ngozi inalia, juu yake nyanya na kitunguu. Alikuwa mtamu, sisemi uongo. Lakini Thomson ni samaki wa bahari. Wanamvua katika Atlantiki mbele ya Namibia, wanamgandisha, wanamfunga ndani ya makartoni, anapita Zambia, anavuka mpaka Kasumbalesa, anapanda Lubumbashi, Likasi, mpaka huku. Zaidi ya kilomita 2,000 ndani ya barafu, ili aje kuliwa hatua ishirini kutoka maji yenye samaki.

Nikauliza, "Mama, samaki ya ziwa haiko?"

"Ile ya hapa hatuuzishaka, papa. Batu banaogopa."

"Banaogopa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyefika Kolwezi jana. "Si produits ya mugodi?"

Ni jibu la haki. Mtu wa hapa hahitaji lisansi ya agronomia ili aogope. Hata ziwa lenyewe si la Mungu, ni la saruji. Union Minière ndiyo iliyofunga mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, barrage ikaitwa Delcommune, leo tunaiita Nzilo, na kazi yake ilikuwa kutoa umeme kwa migodi. Kolwezi kila kitu kina mugodi nyuma yake, hata mchanga wa kukalia siku ya Mungu. Na mito yetu tunaijua. Mwaka 2013 kulitoka utafiti juu ya Luilu na Musonoi, mito miwili ya hapa Kolwezi, na ulikuta metali nyingi katika maji na katika matope ya chini. Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walipima watu wa Kasulo, kartie ambamo watu walikuwa wakichimba kobalti hadi ndani ya viwanja vya nyumba zao. Waliona kobalti nyingi katika mkojo na damu ya wakaaji, na watoto walikuwa wameguswa zaidi.

Kwa hiyo woga siucheki. Ninachokosoa ni jinsi woga huo unavyochagua sahani.

Kuna utafiti mwingine, wa 2014, ambao kila mtu wa promosheni yetu angepaswa kuusoma, maana unahusu kazi yetu kabisa. Waliuliza kobalti inaingia mwilini kwa njia gani hapa Katanga. Waliopima walikwenda sehemu karibu na viwanda, na sehemu ya mbali isiyo na mugodi, na kijiji kando ya ziwa linalopokea maji ya viwanda. Kando ya ziwa lile samaki alikuwa na sehemu yake, ndiyo. Lakini karibu na viwanda njia kubwa ilikuwa chakula cha shambani: mboga, na nafaka pia. Kwa watoto, ongeza vumbi. Sasa rudi kwenye sahani yangu. Samaki ametoka Atlantiki kwa sababu tunaogopa. Lengalenga imetoka wapi? Niliuliza. "Kwa bamama ba bustani, kule njiani." Njiani ndiyo ile barabara ambayo makamio ya mineree yanapita usiku na mchana, na vumbi linakaa juu ya jani kama unga juu ya meza ya mwoka mkate. Jani la lengalenga ni pana, lina mikunjo, linashika vumbi vizuri kuliko kitu chochote. Na hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza. Tunamkimbia samaki, jani tunalitafuna tukisema ni chakula cha asili.

(Nyumbani jani lioshe mara mbili tatu katika maji mengi kabla ya kukata. Vumbi la juu litatoka. Lile ambalo mzizi ulinywa kutoka udongoni halitatoka kwa maji. Ndiyo sababu mahali pa bustani ni neno kubwa kuliko ustadi wa kuosha.)

Watu watasema: weye unataka mama wa Hiace awe laboratwari? Hapana. Mama anauza kile kinachonunuliwa. Lakini ubao wake una nafasi ya kuandika bei, muziki, hata jina la Wi-Fi. Neno moja "inatoka wapi" pembeni ya kila chakula lingetosha kuanza. Wenye mashine za kupima ni wengine: universite, serikali ya provensi, makampuni yanayochimba. Karatasi yenye jina la ziwa, tarehe na kipimo, ikibandikwa kwenye dirisha la gari, ingemwambia mteja zaidi kuliko uvumi wa miaka yote hii, iwe habari nzuri ao mbaya. Bila karatasi, mvuvi anahukumiwa bila kesi, na mkulima anasamehewa bila kesi.

Nasema hivi pia kwa sababu ya Forodhani. Mwaka 2023, baada ya mafunzo Morogoro, nilivuka mpaka Unguja, nikala usiku katika bustani ile mbele ya bahari, iliyotengenezwa upya na kufunguliwa 2009, karibu na Beit el-Ajaib ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Kila mtu anayeota "plage ya Kolwezi" anaota ile. Mishikaki ya samaki waliyonipa ilikuwa mikavu, imepashwa moto mara nyingi, ya kumfurahisha mgeni mwenye kamera. Lakini pembeni kulikuwa na bakuli la urojo: mchuzi wa manjano wenye uchachu wa embe, viazi, bajia, vipande vya mihogo mikavu, chatine ya nazi. Pale ndipo wenyeji walikuwa wamesimama, na ndani ya bakuli lile ulikuwa unakula kisiwa. Nzilo nilikula mchanga wa Nzilo tu, uliorushwa na upepo.

Sasa nimalize na kilichotokea jioni ile. Mvuvi mmoja alipita kando ya maji na tilapia saba katika kamba. Alipita mbele ya gari la njano bila hata kugeuza kichwa. Bila shaka alishakataliwa siku nyingi. Nikamwita. Nikanunua wanne, kwa bei ambayo ilinipa haya kuiandika hapa. Nikawapeleka kwa mama, nikamwomba anikaangie, nitalipa mafuta na kazi.

Alisita. Kisha akasema, "Sawa, lakini nitapikia nyuma. Bateja basione."

Akawapika nyuma ya Hiace, katika sufuria nyingine. Nilikula wawili. Nyama yao ni nyororo kuliko Thomson, ina ladha ya udongo kidogo, inahitaji ndimu zaidi. Kama ukosoaji wa chakula, ndiyo sahani nzuri niliyokula siku ile. Kama mtu wa agronomia, najua kwamba ulimi haupimi kobalti, na sahani moja haithibitishi kitu.

Dada mmoja wa meza ya jirani aliuliza hii njo samaki gani. Nilipomwambia, akacheka, akavuta kiti chake upande wa pili.

Mama alikuja kuondoa sahani. Akasimama. "Papa, weye ulisomea hii mambo. Natoto yangu inaweza kukula?"

Nilimwambia habari ya kuosha lengalenga. Juu ya samaki nilianza sentensi mara mbili, sikuimaliza. Wawili waliobaki nikamwachia, nikamwambia achague mwenyewe. Akawafunga katika karatasi ya michopo, akawaweka chini ya kiti cha dereva, mbali na friza ya Thomson.