Kuipima Riwaya ya Taharuki ya Watunzi Wawili

Kwa mwendo mrefu Mto Athi ndio mpaka wa kaunti za Makueni na Kitui, huku Ukambani nchini Kenya. Mweke kijana mmoja Kibwezi, tumwite Mutua, na mwenzake Mutomo, tumwite Mwende, wape siri moja ya kufuatilia, na tayari una riwaya ambayo marafiki wawili wanaweza kuigawana, kila mtunzi na ng'ambo yake. Mgawanyo huo unavutia, lakini bado hautuambii kama kitabu ni kizuri. Mwalimu, mkutubi, mhariri au mtunzi mwenyewe anahitaji vipimo. Ninavyovitumia mimi vyote vinatoka kwenye swali moja: je, watunzi hawa wawili wanalinda siri moja, au kila mmoja ana yake?

Kuandika pamoja si jambo geni kwetu. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walitoa tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi mwaka 1976. Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya waliandika Harakati za Ukombozi, iliyochapishwa mwaka 1982. Tamthilia huvumilia sauti nyingi. Riwaya ya taharuki haina uvumilivu huo, kwa maana msomaji anatafuta dalili katika kila sentensi. Ndiyo sababu Maj Sjöwall na Per Wahlöö wa Sweden, walioandika riwaya 10 za upelelezi kati ya mwaka 1965 na 1975, walipanga hadithi kwa kina kabla ya kuanza kupokezana sura.

Na kuhusu taharuki ya vijana, Makueni ina mzee wake. David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, alimleta jasusi Benni Kamba, nambari 009, katika The Equatorial Assignment (1980), kitabu cha mfululizo wa Pacesetters. Anayeandika leo upande huu wa nchi ana mahali pa kuanzia.

Mshono

Anza pale sura moja inapomkabidhi msomaji kwa nyingine. Soma kwa sauti aya ya mwisho ya sura ya tatu, kisha aya ya kwanza ya sura ya nne. Sauti ikibadilika kwa sababu msimulizi amebadilika, hilo ni pambo. Ikibadilika na msimulizi ni yule yule, hapo pana kasoro. Angalia vitu vidogo: nyanya yake Mwende anaitwa Susu katika sura moja na Bibi katika inayofuata, mbwa aliyekuwa kiwete sasa anakimbia, wazee wanasalimiwa kwa heshima upande mmoja wa mto, na upande wa pili wanarukiwa kwa maswali kana kwamba ni rika la watoto.

Angalia pia namna sura zinavyokwisha. Marafiki wawili wakianza kushindana, kila mmoja humwachia mwenzake balaa kubwa kuliko alilopokea: leo nyumba inaungua, kesho mtu anatekwa, keshokutwa bunduki inalia. Msomaji huchoka kuogopa. Watunzi waliokomaa wanajua kumalizia sura kwa jambo dogo linalosumbua, kama lango lililofungwa kwa kufuli jipya.

Nani anajua nini

Hiki ndicho kipimo kikubwa, na ni kipimo cha kazi za watunzi wawili hasa. Tuseme katika sura ya sita Mwende, akiwa Mutomo, anaona lori la mchanga likipanda kutoka mtoni saa tano usiku, taa zimezimwa, na ubavuni lina mkwaruzo mrefu. Hamwambii mtu. Katika sura ya saba Mutua, akiwa Kibwezi, anamuuliza dereva mmoja habari za lori lenye mkwaruzo. Amejuaje? Amejua kwa sababu mtunzi wa sura ya sita alimsimulia rafiki yake. Maarifa ya mtunzi yamevuja yakamfikia mhusika, na tangu hapo hofu yote ni ya bure, maana msomaji ameshaona kwamba katika kitabu hiki habari husafiri bila njia.

Kazi bora huonyesha kila habari ilikopita: ujumbe wa simu, maneno ya kondakta, kijikaratasi ndani ya kiondo. Nyuma ya kazi kama hiyo kwa kawaida kuna daftari moja ambamo marafiki wameandika, sura kwa sura, kila mhusika anajua nini na amekijua lini. Msomaji haoni daftari hilo kamwe, lakini anahisi nguvu yake.

Mahali pafanye kazi

Ukambani si pazia la nyuma. Mito kama Tiva na Thua hubaki michanga mitupu sehemu kubwa ya mwaka, na maji yapo chini yake; watu huchimba wakayapata. Kwa hiyo anayeiba mchanga anaiba maji, na kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Mhalifu wa riwaya akiwa na kisa cha aina hii, uovu wake una uzito. Akiwa ni jambazi tu wa kutoka mjini, angeweza kuwa popote.

Mvua ni mtihani mwingine. Wakulima wa huku hutegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba, na mto mkavu unaweza kujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali vilimani. Mtunzi makini hutumia jambo hilo, na hulitumia kwa adabu: Desemba 2021 basi lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Mafuriko yanayotupwa hadithini kwa ajili ya kusisimua tu yanawakosea wasomaji wa Mwingi. Tazama na magharibi: huku jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza halikawii. Machweo yanayodumu ukurasa mzima yametoka katika vitabu vya Ulaya.

Vijana wenyewe

Riwaya ya vijana ambayo inatatuliwa na mjomba askari imewanyang'anya vijana hadithi yao. Wahusika wakosee wenyewe, walipe wenyewe. Hapa urafiki wa watunzi huonekana: kila mmoja akimwonea huruma mhusika wake, hakuna anayekosea, na kitabu kinapoa.

Simu nayo isiwe ya kuzimika chaji kila hatari inapokaribia. Iongeze hatari. Mwende anapokea shilingi 500 kwa M-Pesa, na ujumbe unataja jina la mtu aliyedhaniwa kuwa amehama. Mstari mmoja kama huo unatisha kuliko kurasa tatu za kukimbizana.

Mwisho na hukumu

Suluhisho litokane na dalili tulizoziona, na kutoka pande zote mbili za mto. Kama ng'ambo moja ingeweza kutatua fumbo peke yake, basi mtunzi mmoja alikuwa mgeni tu kitabuni.

Kwa hiyo, kabla ya kuinunulia maktaba ya shule ya Wote au Kitui kitabu kama hiki, mpe kijana mmoja mswada au nakala, umsimamishe akifika theluthi mbili. Muulize anamshuku nani, na kwa nini. Akitaja jina bila sababu, watunzi wanamchezea. Akitoa sababu za Kibwezi tupu au za Mutomo tupu, hivyo ni vitabu viwili vilivyofungwa pamoja. Akichukua jambo moja la huku na moja la kule, akayaunganisha mbele yako, kisha akakuomba umrudishie kitabu amalizie, kinunue.